Ubeti Usio na Mwenyewe

Simu ilimkuta Zein na sambusa mdomoni. Alikuwa kwenye chumba cha walimu, katika shule moja ya Ilford anakofundisha Kiingereza, na alipoona jina la Rupal alitabasamu peke yake kama bwege. Rupal hakuwa mtu wa kupiga saa za kazi ila awe na neno tamu. Masikini! Angelijua, angeimaliza sambusa yake kwanza.

"Zein, umeandika nini kuhusu baba yangu?"

Hakuna hujambo, hakuna habari za kutwa. Zein akameza tonge zima.

"Mie? Kuhusu mzee? Sijaandika kitu."

"Kitabu kiko mbele yangu. Nikusomee?"

Na akamsomea. Rupal ni mfamasia, sauti yake ni ile ya kumweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa bila kumtisha, lakini siku hiyo ilikuwa imekauka kabisa. Ubeti ulikuwa wa Kiingereza. Ulisema kwamba pale Rayners Lane yuko muuza duka ambaye unga wake umeota miguu na unatembea wenyewe. Na ili wateja wasichungulie mfuko, amemketisha msichana wake mzuri kwenye kaunta, wanunuzi wamtazame yeye huku wadudu wakienda nao nyumbani.

Zein akaisukuma sahani ya sambusa pembeni.

"Juzi mteja ameusoma kwa sauti dukani," Rupal akasema. "Watu wamejaa. Watu wa mandir, wa hekaluni kwetu, wamama wanaonijua tangu mtoto. Amesoma, akacheka, halafu akaniangalia mimi. Na baba ndiye aliyevipanga vile vitabu pale kaunta, Zein, because I asked him to! Nilimwambia mna shairi zuri mle la rafiki yangu. Tangu siku hiyo duka hajafungua. Anakaa tu kwenye kiti."

"Wallahi si mimi, Rupal. Ubeti huo sikuutunga mie. Naapa kwa..."

"Usiape. Niletee aliyeutunga. Jumapili si baba alikwambia uje unywe chai? Njoo. Lakini njoo na huyo mtu, akae mbele ya baba, aseme ni mimi, aombe radhi. Ukija peke yako sikufungulii mlango."

Simu ikakatika, na Zein akabaki ameishika sikioni vilevile mpaka mwalimu mwenzake akamuuliza kama kuna msiba.

Sasa ngojeni niwaeleze chai hiyo ilikuwa na uzito gani, maana najua kuna atakayesema, ah, chai tu! Mzee Chaman, baba yake Rupal, ni Mhindu wa Mwanza. Alihamia London na familia yake Rupal akiwa bado kigori, akafungua duka la vyakula karibu na stesheni ya Rayners Lane. Zein ni Mwislamu, mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Mzee alipoambiwa habari zao mara ya kwanza alijibu neno moja, hapana, akaendelea kupanga dengu kwenye rafu. Rupal hakugombana naye. Alikaa na ile hapana kwa miaka, akawakataa wachumba walioletwa, madaktari, wahasibu, mmoja na gari la kufungua milango juu kama mbawa, mpaka mzee mwenyewe akachoka. Akasema, "Haya, mlete huyo Mswahili wako anywe chai." Kwa mtu kama Mzee Chaman, chai ile ilikuwa ndiyo ndoa yenyewe, yaliyobaki ni nguo na mapishi.

Na hicho kitabu? Hapo ndipo penye ujinga wa wasomi. Zein alisomea fasihi ya Kiingereza ya kale, akakuta humo jambo lililomkaa rohoni. Kwamba zamani, hapahapa London, mashairi hayakukimbilia kuchapwa. Waungwana waliyaandika kwa mkono, wakapeana karatasi chini kwa chini, bila jina. Upande huu mapenzi, mwanamke anasifiwa kuanzia ukope hadi kidole. Geuza karatasi, tajiri fulani anavuliwa nguo kwa kejeli mchana kweupe. Aliyeipata karatasi aliinakili, na akiona pa kutengeneza alitengeneza, haulizwi. Kisha siku moja mchapaji anazikusanya, anachapa, na mji mzima unaanza kutafutana nani kamtukana nani. Zein aliyaona hayo kuwa ni raha isiyo kifani. Akawaambia wenzake, na sisi tufanye vivyo hivyo, tumechoka na WhatsApp, shairi unalituma asubuhi, adhuhuri limeshafika kwa shangazi ya mtu.

Basi wakaanza. Katika saluni ya Haika kule Peckham, nyuma ya mlango, ulitundikwa mkoba wa kitambaa. Unaingia, unachukua karatasi, unainakili kwa mkono wako, unarekebisha ukitaka, unazirudisha zote mbili. Jina marufuku. Waliandika Kiingereza kwa sababu kundi lilikuwa la mchanganyiko, wengine Kiswahili chao cha kuombea maji tu. Walikuwa wauguzi, walimu, madereva, watu wanaorudi nyumbani miguu imevimba, na mkoba ule ukawapa uhai. Kuna waliosuka nywele zisizohitaji kusukwa ili tu wapate kuuchungulia.

Mwishowe Nasim, binamu yake Zein mwenye duka la uchapaji Ilford, akauchukua mkoba, akachagua yaliyomfurahisha, akachapa kijitabu. Zein alipopewa nakala yake alikimbilia ukurasa wa shairi lake mwenyewe, lile la msichana wa kaunta ya Rayners Lane ambaye mtu huenda kwake kununua bizari akarudi nyumbani bila bizari. Akalisoma, akalirudia, akalala nalo. Ukurasa wa nyuma yake hakuufungua. Ndivyo walivyo washairi, msiwalaumu.

Siku ile ya simu, kengele ya mwisho ilipolia, Zein hakupita hata nyumbani. Ulimi ule wa unga ulioota miguu alikuwa anaujua. Mtu mmoja tu kwenye kundi lao aliweza kumchuna binadamu ngozi kwa maneno huku mwenyewe akicheka: Leonard, Mhaya wa Bukoba, muuguzi, mkaazi wa Peckham. Akapanda treni, akashuka, akapanda basi, na njia nzima alikuwa akijisemea kwa sauti, abiria wakimkwepa.

Leonard alimfungulia mlango akiwa na pasi mkononi, anapiga pasi sare ya kazini. Zein hakusubiri kukaribishwa. Alipiga magoti palepale kwenye zulia.

"Leonard ndugu yangu, nisitiri. Twende Jumapili ukamwombe radhi Mzee Chaman, la sivyo Rupal nimemkosa."

"Bwana wee, simama, unanitia hofu! Nani kafa?"

Zein akamsomea ubeti. Leonard alicheka kabla haujaisha, maana kila mtu huchekeshwa na lake, kisha akanyamaza ghafla.

"Rudia hapo. Wapi?"

"Rayners Lane."

"Mimi sikuandika hivyo." Leonard akaiweka pasi chini. "Ubeti ni wangu, sikatai. Lakini Rayners Lane sijafika hata kwa ndoto. Mimi niliandika Peckham. Nilinunua unga wa muhogo hapo chini, nimeufungua nikakuta wadudu wana mkutano, narudi kugomba, msichana wa kaunta akanichekea, nikasahau kilichonipeleka. Wala si binti wa mtu pale, ni mfanyakazi tu. Nilimsomea mwenyewe, akacheka mpaka akashika mbavu. Mtu kaugeuza huu."

"Nani?"

"Nitajuaje? Si wewe uliyesema majina marufuku?"

Zein alikaa chini. Alikuja kutafuta mtani, sasa anaondoka na adui. Kuna mtu, akawaza, anayejua habari yangu na Rupal, kauchukua utani wa Peckham, kaupeleka makusudi mpaka mlangoni kwa baba yake. Kuna mtu ananionea kijicho. Na moyo ulioingiwa na wazo hilo haulali.

Kesho yake, Ijumaa, siku nzima aliitumia kujichafua. Nasim angemwonyesha karatasi yenyewe, lakini Nasim alikuwa Birmingham harusini na simu yake haishikiki, na Zein hakuweza kungoja. Akaanza kuwapigia wenzake mmoja mmoja, akiwahoji kama polisi. Godson, kijana mpole ambaye kosa lake pekee ni kwamba aliwahi kumsifia Rupal sari yake kwenye sherehe, aliambiwa maneno ambayo mimi siwezi kuyarudia hapa. Haika aliambiwa saluni yake ni pango la wambeya. Haika si wa kuonewa, alimjibu yanayomstahili. Kila akikata simu Zein alimwandikia Rupal, nakaribia kumpata, subiri, usinihukumu. Ujumbe ulifika, ulisomwa, haukujibiwa. Chakula hakikupita. Aliswali bila kujua rakaa ya ngapi, na katika dua aliomba kitu kimoja tu, amjue mtu huyo.

Mungu humpa mtu alichoomba. Muulizeni Zein.

Jumamosi Nasim alirudi, na Zein akawa dukani kwake kabla hajamaliza kufungua. Leonard alikuwa naye. Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, lakini alisema hawezi kumwacha mwendawazimu apande treni peke yake.

"Ehe, wewe!" Nasim akaanza, mkono kiunoni. "Godson kanipigia analia. Mtoto wa watu umemfanya nini? Umepagawa?"

"Da Nasim, nionyeshe karatasi ya ule ubeti wa unga. Nakuomba."

"Sasa hivi ndio mnautafuta. Ulipokuwa wa Peckham mlikuwa mnaupokezana kama halua, hakuna aliyeuliza kama kuna mtu utamuuma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, siyo? Mie nilichapa nilichokikuta mkobani." Hata hivyo alikuwa ameshauvuta mkoba kutoka chini ya meza na anapekua. "Zilikuwa nakala mbili. Hii ya Peckham, na hii nyengine. Nikachukua hii nyengine kwa sababu ndiyo nzuri. Ile ya kwanza haina vina, inakwenda chege chege."

Akaiweka mezani.

Zein aliitazama. Leonard aliitazama. Nasim, aliyekuwa anaijua karatasi hiyo tangu siku ya kwanza lakini hakuwahi kuiangalia kwa jicho hilo, naye akainama, kisha akajishika mdomo. Ulikuwa mwandiko wa kunyooka, wa mwalimu, na wino wake wa kijani, wino wa kusahihishia madaftari ya wanafunzi.

"Hapana," akasema Zein.



Na hapo ikamrudia yote. Ilikuwa jioni moja ndani ya treni, ametoka Peckham, rundo la karatasi magotini. Zein alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliivumilia: shairi la mtu halikupita mkononi mwake bila kunyolewa. Kazaliwa katika nyumba ambayo mtoto akivunja kina huchekwa mpaka na mgeni, na mashairi ya Leonard, matamu kwa maneno, yalikuwa yanachechemea. Ubeti huu mstari mmoja uliishia na neno la Kiingereza la faida, "gain", na mwenzake ukaishia na "Peckham". Wapi na wapi! Kalamu haikusita. Rayners Lane ikaingia mahali pake kama kifuniko juu ya chungu. Na mstari wa chini ulipungua silabi moja. Leonard aliandika msichana tu, Zein akamwongezea neno moja fupi, akawa msichana wake. Akausoma tena. Ukateleza vizuri. Akafurahi kama fundi, akachukua karatasi nyengine, na hajafika stesheni ya Stratford alikuwa ameshausahau.

"Nimejifanyia mwenyewe," akasema. Kisha akakaa kwenye boksi la karatasi na kulia kwa sauti, mtu mzima, mlango wa duka wazi na wapita njia wanachungulia.

Leonard alimwacha alie. Baadaye akachuchumaa mbele yake.

"Sikiliza. Alichotaka ni mtu wa kusema ni mimi. Si ndiyo? Basi nitakwenda mimi. Ubeti si wangu? Nitasema wote ni wangu, na Rayners Lane yake. Mimi na mzee huyo hatujuani, akinichukia sipungukiwi kitu."

"Utafanya hivyo?"

"Nusu yake ni kweli. Nimewahi kusema uongo mkubwa zaidi kwa sababu ndogo zaidi."

"Zein, usifanye," Nasim akasema. Hasira zilikuwa zimemwisha. "Mwambie Rupal ukweli leo hii hii. Ukweli unauma mara moja."

"Nitampoteza, da Nasim. Unajua nimemsubiri vipi? Unajua kanisubiri vipi?" Akamshika Leonard mkono akaubusu, na Leonard akauvuta kwa aibu.

Jumapili wakaenda. Nyumba ya Mzee Chaman iko mitaa michache kutoka stesheni, ukutani mbele kumeota waridi zilizokatwa vizuri. Rupal alifungua mlango. Alimtazama Zein, akamtazama Leonard nyuma yake, na uso wake ukalegea, jamani, ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Wakati wa kuvua viatu alimkamata Zein vidole akavibana kwa siri. "Nilijua si wewe," akamnong'oneza. Zein alitamani ardhi ipasuke.

Mzee Chaman alikuwa ameketi na sweta lake, mwembamba, kanyooka. Chai ya tangawizi ililetwa, na sahani ya chevda ya karanga na pilipili. Leonard hakukaa. Aliomba radhi kwa Kiswahili kizuri sana, mikono mbele, kichwa chini. Alisema ni yeye mwenye ubeti, ni upumbavu wa mtu anayependa kuchekwa na wenzake, hakufikiria kama nyuma ya kaunta kuna baba na mtoto, na kama mzee atamfukuza basi ni haki yake.

Mzee alimtazama juu ya miwani.

"Kwenu wapi?"

"Bukoba, mzee."

"Bukoba!" Uso ukafunguka kidogo. "Marehemu baba yangu alikuwa anapeleka chumvi Bukoba kwa meli. Senene nimekula mimi, usinione hivi, nimekula kwa siri mama asijue." Akasukuma sahani ya chevda mbele. "Kaa, bwana mdogo. Nimetukanwa Mwanza, nimetukanwa hapa, nilikuwa sijatukanwa kwa mashairi. Na unga mbovu nimewahi kuuza. Muuza unga gani hajauza mbovu? Mtu akirudi nao nampa mwingine, ndiyo kazi. Wewe ulinunua upi? Nitakupa mfuko uende nao, tuyamalize."

"Usijisumbue, mzee."

"Hapana, ndiyo desturi yangu. Upi?"

"Wa muhogo," Leonard akasema.

Mzee Chaman akakunja uso, si kwa hasira, kwa kujaribu kukumbuka. "Muhogo? Mimi unga wa muhogo siuzi. Tangu nifungue sijauza."

Kikombe cha Rupal kilibaki nusu njia. Akamgeukia Leonard. "Umewahi kufika dukani kwetu?"

Leonard alikuwa tayari kudanganya tena, mdomo ulishafunguka. Lakini alimtazama Zein kwanza, na kutazama huko kulitosha. Rupal aliona. Zein akaona kwamba ameona.

"Ni mimi," akasema Zein.

Na akayatoa yote, bila mpangilio, machozi yakimtiririka hadi kwenye chai: mkoba, treni, wino wa kijani, neno la faida lililokosa mwenzake. Alimwambia mzee kwamba hakumkusudia, alimwambia Rupal kwamba mpaka jana hakujua. Alipomaliza, Mzee Chaman akaanza kucheka. Kwanza puani, kisha mabega, kisha akavua miwani.

"Kwa sababu ya kina?" akauliza. "Jina la mtaa wangu lilikaa vizuri tu? Loo! Na mimi nimefunga duka, nimekaa hapa nahesabu maadui zangu tangu Mwanza!" Akajifuta macho. "Rupal mwanangu, mtu angenitukana kwa makusudi ningemfukuza. Huyu hata hakutuona. Mpe chai nyingine, hii kaitia chumvi."

Zein akajifuta machozi. Mtu ambaye yeye alimwogopa kuliko wote alikuwa anacheka. Akamgeukia Rupal, tayari kucheka naye.

Rupal hakuwa anacheka.

"Hukuniona?" akauliza, polepole.

"Rupal..."

"Ngoja. Umeniandikia mashairi mangapi ya kaunta ile? Yote ninayo. Mkono wangu unavyofunga mfuko, umeandika. Nywele zangu zinavyoangukia mashine ya pesa, umeandika. Halafu siku hiyo umeandika Rayners Lane, umeandika kaunta, umeandika msichana wake. Kwa mkono huohuo. Na hukuniona pale?"

Zein alidhani anaokolewa. Alidhani ukweli, kwa vile ndio kwanza umemponya kwa mzee, utamponya na hapa. Akajibu kwa moyo wake wote.

"Wallahi sikukuona, Rupal. Naapa. Hukunipitikia hata kidogo."

Leonard alifumba macho. Mzee Chaman akaacha kucheka.

"Nilikuwa nafikiri una adui," Rupal akasema. "Usiku nilikuwa nakuombea, nasema masikini, kuna mtu anamchukia. Ingekuwa ulikasirika na mimi siku hiyo ukanitukana, ningekusamehe, Zein, I swear. Mtu akikutukana amekuona. Wewe miaka yote hii mimi nakataa watu, nagombana na ndugu zangu kwa kunyamaza, kumbe ni neno linalokaa vizuri mwisho wa mstari." Akakiweka kikombe chini. "Halafu ukamleta rafiki yako aje aseme uongo mbele ya baba. Na mimi pale mlangoni nikakushika mkono."

"Mwanangu," mzee akasema, "mimi nimeshamsamehe."

"Nimesikia, baba. Umesamehe la kwako."

Akasimama, akaenda kufungua mlango. Zein alimfuata akijikwaa kwenye zulia, viatu mkononi, maneno yakimtoka bila mpango. Atafanya lolote. Atachoma karatasi zote. Ataacha kuandika, tangu leo, hagusi kalamu tena isipokuwa ya shule.

"Usiache," Rupal akasema. "Ndicho ulicho nacho. Nakuomba jambo moja tu. Hili la leo, mimi na baba, na hiki chumba, usiliandike."

"Sitaliandika. Rupal, tazama, sitaliandika."

Alimtazama kama anayetaka sana kumwamini. Kisha akafunga mlango taratibu, bila kishindo.

Leonard alimshika bega njia nzima kuelekea stesheni, na Zein alilia bila kujificha, watoto wa baiskeli wakisimama kumtazama. Alikuwa amempoteza, alijua, na hakuna mtu duniani wa kumlaumu. Na hawajafika kwenye ngazi za stesheni, mstari wa kwanza ukawa umeshamjia. Ulikuwa mzuri. Alijichukia mpaka akasimama, akajipiga kichwani kwa kiganja, lakini wa pili nao ulikuwa unakuja.